Watu wa Dimbwini na Bwawa la Meya Kiboko

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitika vizuri, mpaka moto umetikisika. Basi sogeeni. Aliye nyuma aje mbele, aliye na mhogo aufukie majivuni, maana hii ni ngano ya mji, na mji una maneno mengi kuliko shamba.

Zamani za kale, enzi wanyama hawajaisusa lugha ya watu, palikuwa na mji ukiitwa Mkunguni. Watu na wanyama walikaa humo mlango kwa mlango. Waliombana chumvi, waligombana juu ya uzio, wakapatana msibani. Juu kilimani, kwenye upepo, walikaa wakubwa. Katikati walikaa wenye maduka. Na chini kabisa, pale kilima kinapochoka na kujilaza, palikuwa na mtaa wa Dimbwini.

Katika mtaa huo alikaa mwanamke mmoja, Somoe binti Kheri, mfinyanzi wa vyungu. Somoe hakuwa mtu wa maneno. Alilelewa na bibi yake, na bibi alimwambia tangu yu mdogo: mtoto wa watu hamwambii mkubwa kosa lake usoni. Somoe alilishika neno hilo kama alivyoshika udongo, kwa mikono miwili.

Jirani yake wa ubavuni alikuwa Mama Kanga, yule ndege mwenye madoadoa. Huyu maneno alikuwa nayo ya kwake na ya Somoe pia. Kila asubuhi alipanda juu ya uzio akaanza: nani kapika nini, nani kanuniana na nani, nani karudi na viatu vya nani. Somoe husikiliza huku anafinyanga, anacheka kimoyomoyo, na siku ikaenda. Walipendana hivyo, mmoja kwa kusema, mwingine kwa kusikia.

Sasa, mji wa Mkunguni ulikuwa na Baraza, na mkuu wa Baraza alikuwa Meya Kiboko. Msinikunjie nyuso, Kiboko huyu hakuwa mbaya. Alikuwa mpole, mnene, mwenye kucheka kwa tumbo zima, na hakuwahi kumdhulumu mtu kwa makusudi. Ila ngozi yake haikustahimili jua. Kwa hiyo alipochaguliwa tu, Baraza likakizuia kijito kilichokuwa kikishuka nyuma ya kilima kwenda mtoni, likamchimbia bwawa kando ya jumba la Baraza. Meya akawa anakaa bwawani, maji yamemfika shingoni, anaamua mambo ya mji.

Bwawa hilo lilikuwa na ukingo mrefu pande zote isipokuwa upande mmoja. Likijaa, humwagikia upande huo. Na upande huo ulitazama wapi? Nyamazeni, naona mmeshajua. Ulitazama Dimbwini.

Mwaka huo masika yakaja kwa kishindo. Bwawa likajaa, likajaa, likajaa. Mchana mmoja, Somoe amepanga vyungu vibichi uani vikauke, akasikia mlio kama wa ng'ombe wengi wanaokimbia. Kuinua macho, maji hayo. Yaliingia uani bila hodi. Vyungu vibichi vikayumba, vikalainika, vikarudi kuwa udongo mbele ya macho yake. Lakini Somoe hakuvililia, kwa sababu alisikia sauti ya Mama Kanga upande wa pili wa uzio, na sauti ile haikuwa ya umbea.

Mama Kanga alikuwa ametaga. Kiota chake kilikuwa chini ya mchongoma, na yeye alikuwa ametoka mara moja tu kutafuta punje. Aliporudi, maji yalishapita. Mayai hayapo.

Wakakimbia wote wawili kufuata maji, Mama Kanga akiita, Somoe amejifunga leso kiunoni, anapapasa kwenye takataka, anapapasa kwenye matope, anapapasa kwenye mizizi. Walichopata ni ganda moja lililonasa kwenye uzio wa mtu. Somoe aliliokota, kisha akaona afadhali asingeliokota.

Tangu siku ile Mama Kanga hakupanda tena juu ya uzio. Alitengeneza kiota upya pale pale, akakaa juu yake kutwa kucha.

"Shoga, njoo unywe uji," Somoe alimwambia.

"Siwezi kuondoka. Nakalia."

"Unakalia nini, shoga yangu?"

"Nakalia mahali pao."

Somoe akamwekea uji karibu, akarudi kwenye udongo wake. Mtaa ukamwona mkimya zaidi ya kawaida, na yeye kawaida yake ilikuwa kimya.

Hakuwa Mama Kanga peke yake aliyepatwa na hasara. Sungura walipoteza shimo la kulalia, Mzee Mtulia fundi seremala alikuta mbao zake zimefika mtaa wa tatu. Watu wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Beberu, mwenye ndevu nyeupe na sauti ya hotuba, wakasema, "Mwenyekiti, tupandishe kwa wakubwa tukaseme."

"Tutasema," alijibu Mzee Beberu, "na tutasema kwa adabu."

Wakaanza safari. Wakapanda, wakapanda, wakapanda, na njiani wakaimba:

*Twenda juu, twenda juu, twenda na letu,*
*Maji yanatuogesha, maji si yetu.*
*Mwenye maji ayaite, ayaite kwetu,*
*Twenda juu, twenda juu, maji si yetu.*

Waliimba vizuri mno. Mbwa wa wenye maduka walitoka kusikiliza. Lakini walipoufikia mlango wa Baraza, kila mmoja alimeza ubeti wake, na wimbo ukafia pale nje.

Mlangoni alikuwapo Kasuku, karani wa Baraza, shingo nyekundu, mdomo umepakwa mafuta. Akawapeleka bwawani. Meya Kiboko akainua kichwa kutoka majini, akawatabasamia.

Mzee Beberu akainama mpaka ndevu zikagusa ardhi. "Mheshimiwa Meya, mwavuli wetu, kivuli chetu, tegemeo letu. Sisi watoto wako wa Dimbwini tunakushukuru kwa kutukumbuka. Tunaomba tu tuseme, kwa unyenyekevu, kwamba mwaka huu maji yamekuwa mengi kidogo."

"Maji mengi," alisema Kiboko, na uso wake ukang'aa kwa furaha ya kweli. "Hongereni sana. Wenzenu wa Kichangani walikuja jana wanalia ukame. Maji ni neema, Mzee Beberu."

"Ni neema, Mheshimiwa," Mzee Beberu alijibu. Angejibu nini jingine?

Na Kasuku akafunga kikao: "Limesikika, limepokewa, linashughulikiwa."

Wakashuka wakiwa wamechangamka, wanapigana vibega. Walipofika katikati ya kilima, Mzee Mtulia akauliza, "Kwani tumeomba nini?" Wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka.

Mvua nyingine ikanyesha, na bwawa likamwagika tena. Safari hii maji yalipita kwanza vyooni, ndipo yakaingia jikoni. Vitoto vya mtaa vikaugua matumbo, vya watu na vya mbuzi, na akina mama wakawa hawalali. Wakapanda tena. Wakaimba wimbo wao, na mlangoni wakaumeza kama mara ya kwanza.

Mzee Beberu akainama. "Mheshimiwa, mwavuli wetu, kivuli chetu, tegemeo letu. Maji sasa yanaingia mpaka ndani."

"Mpaka ndani?" Kiboko alishangaa. "Bila nyinyi kwenda kuyachota?"

"Bila kwenda kuyachota, Mheshimiwa."

Meya akafikiri. Hakutaka kuwapuuza, ila kichwani mwake hakuona ubaya uko wapi. Akasema, "Nitamtuma mkaguzi aje aangalie."

"Limesikika, limepokewa, linashughulikiwa," alisema Kasuku.

Na kweli mkaguzi alikuja. Alikuwa Korongo, mwenye miguu kama fito za kujengea. Akapita katikati ya njia, maji yakiwa bado yametuama, akiinua mguu, akiweka mguu, akiinua mguu. Alipofika kwenye kiota cha Mama Kanga, alikiruka bila kutazama chini. Somoe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji mkononi. Alimwona. Akafungua kinywa, kisha akamkumbuka bibi yake, akakifunga.

Korongo akamdaka chura mmoja, akammeza, akarudi kilimani kutoa taarifa. "Nimekagua. Maji hayakunifika hata magotini. Na vyura wa kule ni wanono."

Jioni ile, kabla jua halijazama, Somoe akaenda kwa Mzee Beberu. Alimkuta anatafuna mabua.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Binti Kheri. Leo umetoka?"

"Nimetoka. Nina swali. Mbona hatumwambii Meya maji yanatoka wapi?"

Mzee Beberu akaacha kutafuna. "Unataka nimwambie Meya kwamba bwawa lake ndilo linalotuzamisha? Nimwambie mtu kitanda chake kinanuka?"

"Lakini mtaani sote tunasema."

"Mtaani ni mtaani. Kule ni kule." Akashusha sauti. "Mwanangu, usidhani sijui. Najua. Nimeota ndevu nikijua. Ila mkubwa akikasirika, anayebaki chini ni sisi."

Somoe hakubishana naye. Mzee hakuwa mwongo, alikuwa mwoga, na yeye mwenyewe Somoe woga huo alikuwa nao mwili mzima.

Basi mvua zikapungua, matope yakaanza kukauka, na siku moja Kasuku akaruka mpaka Dimbwini, akatua juu ya paa la msikiti, akatangaza: "Meya Kiboko atautembelea mtaa huu mwenyewe, kwa miguu yake, kujionea hali."

Mtaa mzima ukasisimka. Meya hajawahi kushuka huko. Na nyinyi mnajua tulivyo sisi tukisikia mgeni anakuja. Mgeni hapokewi na uchafu. Wanawake wakafagia, wanaume wakapiga chokaa. Alama ya maji iliyokuwa kwenye kuta, iliyofika kifuani mwa mtu, ikapakwa chokaa ikapotea. Matope yaliyokataa kukauka yakatandikiwa mikeka. Mtaro uliooza, ule mbele ya nyumba za Sungura, Mzee Beberu akasema, "Huu tuuzibe kwa maua. Binti Kheri, tuazime vyungu vyako."

Somoe akatoa vyungu. Akaviosha, akavipanga juu ya mtaro mpaka ukafichika, watu wakatia maua, na mtaa ukapendeza kama bibi harusi. Wapita njia walisema hawajawahi kuona mtaa mzuri kama ule. Mzee Beberu akazunguka akikagua, mikono nyuma, na alipofika chini ya mchongoma akamwona Mama Kanga juu ya kiota chake, manyoya yamemnyongonyea.

Akamwita Somoe pembeni. "Hili halipendezi mbele ya mgeni. Mwambie jirani yako asogee nyuma ya nyumba. Kwa leo tu. Wewe atakusikia."

Somoe akaenda. Akachuchumaa. Maneno yalimkwama mara ya kwanza, yakamkwama mara ya pili, yakatoka mara ya tatu.

"Shoga yangu, wamesema usogee nyuma ya nyumba, mgeni asikuone."

Mama Kanga akageuza kichwa taratibu. Alikuwa hajamtazama mtu machoni tangu siku ya maji.

"Na wewe umesema nini?"

Somoe akatafuta alichosema. Hakuwa amesema kitu. Alipochukua maneno ya Beberu na kuyaleta pale, hata njiani hakuyageuza kuyatazama. Aliona haya, na haya hiyo haikufanana na ile aliyofundishwa na bibi. Ile ya bibi humfanya mtu ainamishe kichwa. Hii ilimfanya atake kukiinua.

"Kaa hapo hapo," alimwambia. "Usisogee."

Punde si punde, ngoma zikalia. Meya Kiboko akaja, anatembea kwa shida, ana kitambaa kibichi mgongoni, na Kasuku anamrukia huku na huku na kibuyu, anammwagia maji asikauke. Korongo nyuma yake, anatazama vichaka kwa tamaa. Watu wakapiga vigelegele. Kiboko akakalishwa kivulini, akapewa madafu, akatazama huku, akatazama kule, macho yakimjaa furaha.

"Watu wa Dimbwini," alisema, "niliambiwa kwenu kuna shida ya maji. Nimekuja kwa wasiwasi. Lakini naona nini? Naona kuta nyeupe, naona mikeka, naona maua. Nitarudi kilimani moyo wangu umetulia. Je, kuna mwenye neno?"

Mtaa ukanyamaza.

"Kuna mwenye neno?"

Mzee Beberu akatabasamu kwa meno yote.

"Kuna mwenye neno?" aliuliza Kiboko mara ya tatu, na tayari alikuwa anajiinua kuondoka.

Somoe akasimama. Akaikaza leso kiunoni. Watu waligeuka, wengine wakadhani anakwenda kuleta maji ya kunywa.

"Shikamoo, Bwana Meya."

"Marahaba, binti yangu."

"Mimi ni Somoe binti Kheri, mfinyanzi. Hivi vyungu vyenye maua ni vyangu. Naomba nivichukue."

Akaenda mtaroni, akanyanyua chungu cha kwanza akakiweka pembeni. Akanyanyua cha pili. Akanyanyua cha tatu. Mtaro ukafunguka, na harufu yake ikatoka kumsalimu mgeni. Kiboko akakunja pua. Somoe akashika ncha ya mkeka, akauvuta, na matope yakaonekana, meusi, yana vyombo vya watu ndani yake.

"Binti Kheri," alisema Mzee Beberu kwa sauti ya chini, "unatuvua nguo mbele za watu."

"Tuko uchi siku nyingi, mzee wangu. Tulichofanya leo ni kujifunika mkeka." Kisha akamgeukia Meya. Sauti yake haikuwa kubwa. "Bwana Meya, maji haya ni ya bwawa lako. Likijaa linamwagikia kwetu. Yanachukua vyombo, yanachukua mbao, yanaingiza choo jikoni, na vitoto vinaugua. Tumekuja kwako mara mbili. Tukakwambia maji ni mengi, hatukukwambia ni yako. Leo nakwambia. Ni yako."

Kasuku akafumbua mdomo kwa mazoea. "Limesikika, lime..."

"Nyamaza kidogo, Kasuku," alisema Kiboko.

Alikuwa amekasirika, au tuseme ameumia, maana kwa mnyama mnene vitu hivyo hufanana. "Mlikuja kwangu mkaniita mwavuli. Mkaniita kivuli. Mimi nimemng'ata nani katika mji huu, hata nifichwe jambo?"

"Hakuna uliyemng'ata," alisema Somoe. "Lakini wewe ni mkubwa, sisi wadogo. Tulidhani mkubwa haambiwi."

"Na mkaguzi wangu je? Korongo, si ulikagua?"

"Nilikagua, Mheshimiwa. Magoti yangu yalikuwa makavu."

Kiboko akaitazama miguu ya Korongo kutoka chini mpaka juu, na ilichukua muda. Kisha akasema, "Nyumba gani iliumia zaidi? Nipeleke."

Somoe akampeleka chini ya mchongoma. Kiboko akapiga magoti ili aone, kisha akalala kifudifudi kabisa, pua yake ikawa karibu na kiota. Alipomwona Mama Kanga amekalia, uso ukamlegea.

"Hongera, mama. Yataanguliwa lini?"

"Hayapo, Bwana Meya," alisema Mama Kanga. "Yalikwenda na maji yako."

Hakusema kwa ubaya. Alisema tu kama mtu anavyojibu habari za nyumbani.

Kiboko hakuinuka. Jua lilikuwa linawaka, kitambaa mgongoni kimekauka, ngozi imeanza kupasuka mistari myembamba. Kasuku akaja mbio na kibuyu.

"Acha," alisema Kiboko.

Akabaki pale, kidevu mavumbini, muda ambao watu waliona ni mrefu. Somoe aliogopa kwamba amemuua Meya. Hatimaye Kiboko akasema, "Mama Kanga, sina la kukulipa."

"Najua," alisema Mama Kanga.

"Lakini maji yanaweza kwenda kwingine."

Yasemwayo kwenye mavumbi si lazima yatendwe kilimani. Waheshimiwa wa Baraza walipokutana walipinga. Nyani akasema bwawa ni heshima ya mji. Korongo akasema tujadili na suala la vyura. Nguruwe Pori akasema Dimbwini ni bonde na bonde kazi yake ni kupokea maji. Kiboko akawasikiliza wote, kisha akatoka bwawani, maji yakimchuruzika, akasema, "Tunakifungua kijito cha zamani kirudi nyuma ya kilima, na ukingo wa upande wa Dimbwini tunauinua. Na mimi sitaingia humu mpaka kazi iishe." Wakubwa walipoona bwawa halina mwenyewe, walijua hana mzaha.

Kazi ikaanza. Bwawa likakaushwa, na Meya Kiboko akahamia mtoni, mahali penye maji ya kufika tumboni tu, ambako Mamba mwenye nyumba alimnung'unikia kila siku kwa kujaza sebule. Asubuhi na jioni, jua likiwa si kali, alipanda kilimani kuchota udongo kwa mdomo wake, na mdomo ule ulichota kuliko majembe ya mtaa mzima. Dimbwini wakachimba. Wenye maduka wakachimba. Na watu wa kilimani, ambao majembe walikuwa wakiyaona kwa watu, wakachimba pia na malengelenge yakawatoka.

Ilibaki kupata wa kuisimamia kazi. Kiboko akasema, "Kuanzia sasa, mkaguzi wa maji wa mji huu awe na miguu mifupi."

Watu wakamtazama Mama Kanga. Mama Kanga akatazama kiota chake. Somoe akachuchumaa karibu naye, safari hii bila maneno ya mtu mwingine.

"Shoga, mimi nitakaa hapa mahali pako. Nenda ukaangalie, kisha rudi."

Akaenda. Siku ya kwanza alitembea kandokando ya mfereji bila kusema. Siku ya pili akamwambia mtu mmoja kwamba anachimba kama anajikuna. Siku ya tatu sauti yake ilisikika kutoka kilimani mpaka mtoni: huku pamepinda, kule pana jiwe, wewe na shemeji yako acheni hadithi. Somoe, amekaa chini ya mchongoma na udongo wake mapajani, aliisikia sauti ile akainama, machozi yakadondokea kwenye chungu, naye akayafinyanga humo humo.

Mzee Beberu hakumsemesha Somoe tangu siku ya vyungu. Akikutana naye, hutazama mawingu. Kazi ilipofika karibu na mwisho, akaja uani kwake na jembe begani.

"Ulinitia aibu, Binti Kheri."

"Najua, mzee wangu. Nisamehe."

"Msamaha nimeshatoa, umeuchelewa. Ila siku nyingine niambie mapema, nivae kanzu nzuri." Akaondoka kwenda kuchimba, na ndevu zake zilikuwa zinacheka kabla yake.

Masika yakarudi. Wingu lilitanda adhuhuri, jeusi, zito, likashuka mpaka juu ya kilima. Watu wa Dimbwini walikuwa wamechimba kwa mikono yao, waliona mfereji kwa macho yao, lakini miguu ilikuwa na kumbukumbu yake. Tone la kwanza lilipogonga bati, kila mmoja alipanda juu ya kitanda. Kwa Somoe walijazana jirani wote: Mama Kanga, Sungura na wanawe, Mzee Mtulia na msumeno wake kifuani, hata Mzee Beberu, kwato zake nne zimepanga mstari kwenye godoro.

Mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Huko juu wakasikia ule mlio, kama wa ng'ombe wengi wanaokimbia. Wakashikana. Mlio ukaja, ukawa mkubwa, ukawa mkubwa zaidi, kisha ukapinda, ukaanza kuondoka upande wa nyuma wa kilima, kuelekea mtoni, mpaka ukawa mdogo, wa mbali, kama wa ng'ombe wanaorudi kwao.

Hakuna aliyeteremka. Walikaa wanatazama mlango, wakingoja maji yapige hodi.

Hapo Somoe akatandua leso miguuni, akashusha mguu mmoja taratibu, kidole gumba mbele, kama mtu anayeonja chai. Kidole kikagusa sakafu. Akakipapasisha huku, akakipapasisha kule.

"Ni vumbi," alisema.

Akashusha na wa pili, akasimama.

Hadithi yangu imefika hapo, ikakaa chini. Aliye na yake aisimamishe.